Huria

Huru na huria ni maneno ya ukoo mmoja, yenye asili ya Kiarabu, ila kazi zake ni mbili. Mtu au nchi huwa huru. Chuo au soko huwa huria, yaani mlango uko wazi kwa yeyote.

Soko huweza pia kufungwa mlango. Mwaka 1815 Bunge la Uingereza lilizuia ngano ya nje isiuzwe nchini humo mpaka bei ya ndani ifike shilingi 80 kwa kota, kipimo cha nafaka. Wenye mashamba walineemeka, maskini wakanunua mkate kwa bei ya kuruka. Mtetezi wa biashara huria Richard Cobden na wenzake wa Manchester walizipinga sheria za namna hiyo hadi zilipofutwa mwaka 1846.

Kosa la sheria hizo halikuwa kuwa sheria, bali kuwapendelea wenye mashamba. Kwa hiyo, wanaoliita soko holela soko huria wanakosea. Soko huria lina sheria, ila sheria yake haimpendelei mtu.