Doa ukutani: Tambua rangi kabla ya kusugua

Mpangaji anayejiandaa kuhama huona alama za kalamu na masizi ukutani, akakumbuka amana aliyomlipa mwenye nyumba, akatwaa brashi ngumu. Aghalabu hapo ndipo hasara huanza, kwani doa dogo hugeuka baka ambalo halifichiki ila kwa kupaka rangi ukuta mzima.

Jambo la kwanza ni kuitambua rangi. Ile ya mafuta, yenye kung'aa, hustahimili maji ya sabuni. Ya maji isiyong'aa hunywa unyevu na kuchubuka upesi. Ipanguswe kwa sifongo laini iliyokamuliwa, baada ya kujaribiwa mahali palipojificha, mathalani nyuma ya kabati. Chokaa haioshwi, hupakwa upya.

Masizi ya koroboi yasiguswe na maji mwanzoni. Yapanguswe yakiwa makavu, la sivyo hutapakaa kama wino. Uoshaji nao uanzie chini kwenda juu, maana maji machafu yakiteremka kwenye ukuta mkavu huacha michirizi sugu kuliko doa lenyewe.

Ukungu huondolewa kwa jiki iliyozimuliwa kwa maji, madirisha yakiwa wazi. Kamwe isichanganywe na siki wala dawa ya choo yenye asidi: mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, ambayo hudhuru mapafu.

Rangi kuukuu inayobanduka isipigwe msasa. Huenda ina madini ya risasi, na vumbi lake huathiri ubongo wa watoto. Kazi hiyo aachiwe mwenye nyumba, hata kama amana itakatwa.