Kuandaa gari kwa safari ya meli

Kuandaa gari kwa safari ya meli ni ukaguzi, usafi na uwekaji kumbukumbu unaofanyika kabla gari halijakabidhiwa kampuni ya usafirishaji. Afrika Mashariki kazi hii inahusu zaidi magari yaliyotumika kutoka Japani, yanayopakiwa Yokohama, Nagoya au Kobe na kushushwa Mombasa au Dar es Salaam baada ya majuma kadhaa baharini. Mnunuzi mara nyingi amelijua gari lake kwa picha tu, hivyo anayeliandaa ni muuzaji au wakala aliyeko huko. Heri kumwagiza kwa maandishi na kumdai ushahidi wa kila alichokifanya.

Ukaguzi wa kisheria hutangulia. Kenya, kwa mfano, haipokei gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na hutaka cheti cha ubora kilichotolewa kabla ya kupakia. Gari likishapakiwa bila hati sahihi, marekebisho hufanyika bandarini, gharama za kuhifadhi zikiongezeka kila siku.

Magari mengi husafiri kwa meli za RoRo, ambamo gari huingia na kutoka kwa magurudumu yake lenyewe. Meli kubwa ya aina hii hubeba zaidi ya magari 6,000, yaliyopangwa kwa kubanana na kufungwa sakafuni kwa mikanda. Kwa hiyo gari liwe linawaka, lishike breki, tairi ziwe na upepo, betri iwe na chaji na king'ora kizimwe. Linalovuja oili linaweza kukataliwa getini. Mafuta yasizidi robo tenki, yaani ya kuliingiza na kulitoa tu, kwa kuwa melini hakuna kinachoogopwa kama moto. Mwezi Februari 2022 meli ya Felicity Ace iliwaka moto karibu na visiwa vya Azores ikiwa na magari takribani 4,000, na tarehe 1 Machi ikazama.

Gari lioshwe, hasa chini, kwa sababu matope hubeba mbegu na wadudu, na vumbi huficha mikwaruzo. Vitu binafsi vitolewe vyote. Wapo wanaojaza vipuri na vyombo vya nyumbani kwenye buti wakidhani wameokoa nauli. Bima ya gari kwa kawaida haivigusi, na forodha ikivikuta bila kutajwa kwenye hati, mwenye gari ndiye anayehojiwa.

Redio ihesabiwe peke yake. Redio nyingi za Kijapani zenye ramani hufanya kazi kwa kadi ndogo ya kumbukumbu. Kadi ikichomolewa, kioo huganda kwenye maandishi ya Kijapani yanayoitaka irudishwe, na redio haitoi hata sauti. Nyingine, betri ikichomolewa, hujifunga na kudai namba ya siri, na mafundi wa mjini hulipwa kuzifungua. Kadi hiyo ipigwe picha ikiwa mahali pake, au itumwe pamoja na hati na ufunguo wa akiba.

Picha ndizo roho ya maandalizi yote, kwa kuwa bila hizo hakuna wa kumdai. Zipigwe mchana, gari likiwa kavu: pande nne, paa, kioo cha mbele, kila rimu, injini na betri yake, na namba ya chasisi. Dashibodi ipigwe swichi ikiwa imefunguliwa ili kilomita na taa za tahadhari zionekane. Zulia la buti liinuliwe, tairi la akiba, jeki na spana ya magurudumu vionekane, maana hivyo ndivyo vyepesi kupotea. Kila mkwaruzo wa zamani uandikwe kwenye fomu ya makabidhiano.

Fomu hiyo hulinganishwa na gari wakati wa kupokea, kabla ya kusaini chochote. Hati nyingi za shehena hufuata Kanuni za Hague za mwaka 1924: uharibifu unaoonekana utolewe taarifa kwa maandishi wakati wa kuchukua mzigo, usioonekana ndani ya siku 3, na kesi ifunguliwe ndani ya mwaka 1. Malalamiko ya mdomo kwa mlinzi wa bandari hayahesabiki.

Magari yanayokwenda Zambia, Kongo, Rwanda au Burundi huanza safari ya pili Dar es Salaam, mengi yakiendeshwa na madereva wa magari ya IT (in transit, yaani yanayopita nchini tu) hadi Tunduma, Rusumo au Kabanga. Hapo Dar es Salaam makabidhiano huanza upya: picha mpya, kilomita mpya, fomu mpya yenye saini ya dereva. Ufunguo wa akiba na kadi ya redio hubaki kwa wakala wa forodha na kumfikia mwenye gari kwa njia nyingine.