Kibao Kinachofutika

Watu wengi, wamwonapo mtoto wa miaka mitano ameinamia kishikwambi, akiburura kidole juu ya kioo ili aifuatishe herufi, hudhani kuwa wanatazama jambo geni, ilhali kidole hicho kinarejea mahali pake pa asili. Mwishoni mwa karne ya 18 Mskoti Andrew Bell, msimamizi wa nyumba ya mayatima huko Madras, aliwaona watoto wa Kimalabari wakiandika mchangani kwa vidole, akaichukua desturi ile. Na Joseph Lancaster, aliyefungua shule yake London mwaka 1798, akawapa wadogo kabisa mchanga na waliowazidi vibao vya mawe.

Katika mwambao wa Afrika Mashariki, watoto wa chuo cha Kurani walikuwa na mbao zao, zilizoandikwa aya kwa wino, zikaoshwa, zikaandikwa tena. Na misafara ya karne ya 19 iliyofanya maskani Nyangwe na Kasongo, katika Maniema, mashariki mwa Kongo ya leo, ilikwenda na Kiswahili, na chuo kikafuata. Ama Kivu shule ililetwa na mapadri, ambao kwa mkataba wa 1906 baina ya Vatikani na Dola Huru ya Kongo walipewa ardhi kwa sharti la kusomesha. Na kile kibao cheusi cha chaki kingali kikiitwa huko kwa Kifaransa, ardoise.

Kanyaruchinya, kijiji kilichokaa juu ya mawe meusi ya mlima Nyiragongo, katika njia ya Goma kwenda Rutshuru, kimenifunza kukiheshimu kibao hicho. Mwaka 2012 waliokimbia vita vya waasi wa M23 walijazana hapo hata ndani ya shule, na Novemba wakakimbia tena. Jioni ya 22 Mei 2021 mlima ukatema moto, ukaikata njia ya Rutshuru. Na mwishoni mwa 2022 kambi ikarudi, kubwa kuliko ya kwanza. Katika hijra za namna hiyo ardoise ina sifa ambayo mafundi wa vishikwambi hawajaipata bado: haidai umeme, wala mwizi haitamani.

Sisemi kishikwambi hakifai. Huko Tanga, tangu mwisho wa 2017 hadi 2019, shindano la Global Learning XPRIZE liliwapa vishikwambi watoto takriban 2,700 wa vijiji vipatavyo 170, ambao zaidi ya asilimia 90 yao hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili, na baada ya miezi 15 idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Lakini vijiji vile vilikuwa na amani, na mitambo ya jua ya kuchaji vishikwambi. Ama Kivu, umeme wa maporomoko ya Matebe, katika Rutshuru, huijia Goma kwa nyaya zinazokatiza nchi ile ile ya vita. Nazo zikikatika, mwalimu hushika chaki, na mtoto asiye na ardoise huchora herufi yake katika vumbi jeusi.