Mpambe, Kibaraka na Kasuku: Nani ni Nani?

Watahiniwa wengi wanapochambua tamthilia za kisiasa humwita kila anayemsifu mtawala "kibaraka". Nilipoanza kufundisha nami nilikuwa nikilipitisha neno hilo bila swali. Sasa silipitishi.

Kibaraka ni mtu anayetumiwa na mwingine kutimiza matakwa yake. Si lazima asifu. Yumkini hata hasemi lolote. Siasa za ukombozi zililivumisha neno hili kwa kuwarejelea waliowatumikia mabeberu. Mpambe ni mwingine. Neno lake limetokana na kitenzi "pamba", na asili yake ni arusini: ndiye anayempamba bibi arusi na kuandamana naye. Katika siasa akawa mfuasi anayempamba mkubwa kwa maneno. Hata hivyo, nchini Tanzania mpambe wa Rais ni afisa wa kijeshi anayemwandama kikazi, wala hapo hapana tusi.

Kenya ina kasuku wake. Mnamo tarehe 13 Septemba 1984, aliporejea kutoka Addis Ababa, Rais Daniel arap Moi aliwataka mawaziri na wengineo waimbe kama kasuku, akieleza kwamba enzi za Kenyatta naye aliuimba wimbo wa Kenyatta. Ajabu ni kwamba kwake hiyo ilikuwa sifa! Wakosoaji ndio walioigeuza kuwa kejeli.

Lakini kusifu mara moja hakumfanyi mtu kasuku. Tuchukue mfano wa ulimwengu wa River Road, Nairobi, mtaa uliovuma kwa biashara ya santuri na kanda. Mwanamuziki Joseph Kamaru (1939–2018) alitoa wimbo mwaka 1975 kulaani mauaji ya J.M. Kariuki, na uhusiano wake na Jomo Kenyatta ukavunjika. Mwaka 1980 alisafiri na Moi hadi Japani, kisha akatoa "Safari ya Japan" akimsifu. Mwishoni mwa miaka ya themanini akaunga mkono mfumo wa vyama vingi, naye Moi akachukizwa. Anayeusikiliza wimbo wa 1980 pekee atamwita mpambe. Anayezifuata nyimbo kwa miaka yake atasita.

Ndivyo ninavyosahihisha. Mtahiniwa akiandika kwamba mhusika "katika onyesho hili anampamba mtawala", akataja anachotarajia kupata, humpa alama zote. Akiandika "ni kibaraka" tu na kukimbilia swali linalofuata, humwandikia pambizoni: wa nani?