Miti Mikongwe ya Elerai

Kabla Wadachi hawajajenga boma lao la Arusha, mwaka 1900, wakazi wa mitelemko ya Meru walikuwa na ada yao ya kuishi na miti: masale yalipandwa kuwa mipaka, na mringaringa uliachwa katikati ya migomba, matawi yake yakipogolewa kwa kadiri ya haja yapate kuwa kuni, na shina lake, siku yake ikiwadia, likachongwa mizinga ya nyuki.

Walowezi wa kahawa wakaleta mgrivea wa Australia, unaokua upesi na kuwapa mibuni kivuli chepesi. Ukafuatana na mkaratusi na mjakaranda. Mji ulipotanuka ukazimeza baadhi ya konde, miti iliyokusudiwa kuisitiri mibuni ikawa imesimama juu ya mabati ya watu, huko Elerai, kata ya mji wa Arusha, na kwingineko.

Hapo ndipo taabu ilipo. Mgrivea, pamoja na fadhila zake zote, tawi lake ni jepesi kuvunjika. Na wakati wa masika, ardhi ikisharowa na upepo ukavuma, mti uliokatwa mizizi kwa ajili ya msingi au mtaro hauna tena cha kuushikilia. Wengi, kwa hofu, huukata kichwa chote, jambo ambalo kwa rai yangu ni kuongeza maradhi, kwa maana jeraha kubwa huoza, na machipukizi yake hushika kwa udhaifu. Fundi hodari hupogoa kiangazi, akianza na matawi yaliyokufa, asiliguse gome la shina.