Kupanda Nakuru na mgonjwa wa sukari: chakula, maji na baridi

Shule zikifungwa Desemba, wengi wetu wa Pwani hupanda bara kuangalia jamaa. Mimi nina dada aliyeolewa Nakuru, na kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikimpeleka mamangu, ambaye ana kisukari na hudungwa insulini asubuhi na jioni. Mengi nimejifunza kwa kukosea, na kosa kubwa lilitupata njiani hata kabla hatujafika.

Mombasa hadi Nakuru ni zaidi ya kilomita 600. Tulilala Nairobi, asubuhi mama akadungwa sindano yake, akanywa chai na kipande cha mkate, tukapanga kula vizuri Naivasha. Barabara ya Nairobi kwenda Nakuru mwezi wa Desemba haipangiki. Tulikwama kwenye msururu wa magari saa tatu nzima. Mama akaanza kutetemeka, nami nikamfunika leso na koti nikidhani ni baridi ya bara. Mama mmoja aliyeketi nyuma yetu akamgusa shingo, akaniambia, "Huyu hasikii baridi, ako na jasho. Mpatie kitu tamu."

Ilikuwa sukari imeshuka. Mtu anayetetemeka kwa baridi ngozi yake huwa kavu. Aliyeshukwa na sukari hutoka jasho, moyo humwenda mbio, maneno humchanganyikia, na wengine huwa wakali bila sababu. Dawa yake ni vijiko vitatu vidogo vya sukari kwenye maji, au nusu kikombe cha soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari. Subiri dakika 15, pima tena, na ikiwa bado iko chini rudia. Akipata nafuu, ale kitu cha kushiba kidogo kama mkate au ndizi. Akiwa amezimia usimtie chochote mdomoni, mkimbize hospitali.

Tangu siku hiyo mkoba wa mama haukosi sukari, ndizi mbili, njugu na mayai ya kuchemsha. Insulini huwa nayo mwenyewe mkononi, kwenye kifuko cha baridi, kwa sababu buti la basi likipita Voi na Mtito Andei mchana huwa kama tanuri. Na sindano hadungwi mpaka chakula kiwe mbele yake.

Ukishafika, chakula cha Bonde la Ufa si kibaya, ila kinajaza wanga. Mukimo ni viazi na mahindi vilivyopondwa pamoja na majani au njegere, na mwenyeji wako atakupakulia mlima, kisha aongeze chapati kando. Kukataa ni kama kumtukana. Mama huomba mboga kwanza, akishashiba nusu ndipo agusa mukimo. Mboga kule ni tele na rahisi kuliko kwetu, na nyingi unazijua kwa jina jingine: managu ni mnavu, terere ni mchicha, saga ni mgagani. Kabeji na karoti za Kinangop huuzwa kando ya barabara zikiwa na umande. Chai ndiyo mtego. Huchemshwa pamoja na maziwa na sukari ndani ya sufuria moja, kwa hivyo sema mapema, kabla haijatiwa sukari.

Githeri na maharagwe, hakikisha yameiva. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Maharagwe uliyozoea kuyapika Likoni kwa saa mbili, kule hayataiva kwa muda huo, na maharagwe mabichi huvuruga tumbo.

Kikopey, karibu na Gilgil, ndiko wasafiri husimama kula nyama choma. Nyama hupimwa kwa kilo, na kuchomwa huchukua muda, jambo ambalo mgonjwa wa sukari anapaswa kulijua kabla ya kuagiza. Nusu kilo na kachumbari nyingi yatosha watu wawili. Mwislamu aulize nani amechinja, hakuna anayekasirika. Mkitaka samaki, kuna tilapia wa Ziwa Naivasha. Hana ladha ya changu, lakini akichomwa badala ya kukaangwa ni chakula kizuri.

Sasa maji. Ukiona watu wazima wenye meno ya kahawia katika vijiji vya Nakuru usidhani hawapigi mswaki. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa huingiza floraidi kwenye maji ya visima, na visima vingi huko hupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Sisi tumezoea kwamba maji yakichemshwa yamekuwa salama. Kuchemsha huua vijidudu, lakini floraidi haiondoki. Maji yakipungua kwa mvuke, hiyo huzidi kukolea. Huko Nakuru zipo chujio zinazotumia mifupa ya ng'ombe iliyochomwa ikawa mkaa, nazo hupunguza floraidi kwa kweli. Mgeni wa wiki mbili hatadhurika. Anayeacha mtoto mdogo kwa shangazi yake akasome huko miaka mingi ndiye wa kuuliza maji ya nyumba hiyo yatoka wapi, maana meno ya ukubwani hujengeka ndani ya ufizi kabla ya miaka minane. Dada yangu hukinga maji ya mvua kwenye tangi, na hayo ndiyo wanangu hunywa, baada ya kuchemshwa.

Kunyweni hata kama hamna kiu. Baridi hukudanganya, na mwaka wa kwanza nusu yetu tulirudi Mombasa na choo kigumu.