Rampu za skeitibodi uani: Haki ya mtoto, utulivu wa jirani na wajibu wa kaunti

MZAZI anayemnunulia mwanawe skeitibodi mjini Voi hukumbana upesi na swali la mahali pa kuichezea. Ubao huo mfupi wenye magurudumu manne madogo hauendi kwenye mchanga wala kokoto, na vichochoro vingi vya mitaa ya mji huo ni vya udongo mwekundu. Penye lami laini ni barabarani, na barabara kuu ipitayo Voi ni ile ya Nairobi kuelekea Mombasa, inayotumiwa usiku na mchana na malori ya mizigo ya bandarini.

Ndipo linapozuka wazo la kujenga rampu uani. Rampu humwondoa mtoto barabarani, lakini pia humletea jirani kelele ambazo hakuziomba.

Sheria kuu zinazohusika na jambo hili nchini Kenya haziitaji rampu kwa jina. Haikukatazwa, na wala haikuachiwa mwenye kiwanja afanye apendavyo. Mambo matatu ndiyo huamua: ruhusa ya ujenzi, kiwango cha kelele, na dhima ya mwenye nyumba mtu anapoumia.

Rampu ni nini?

Rampu ni jukwaa lenye mteremko uliopinda, mfano wa mtungi uliopasuliwa na kulazwa. Ile ijengwayo sana majumbani ina miteremko miwili inayotazamana, na sakafu tambarare katikati. Mchezaji huteremka upande mmoja na kupanda wa pili, akienda na kurudi kama bembea.

Rampu yenye kimo cha mita 1 huhitaji urefu wa mita 7 hadi 8 hivi, na upana wa mita 2.4, ambao ni urefu wa plaiwudi moja ya futi nane. Kiwanja cha futi 50 kwa 100, kipimo kilichozoeleka katika miji ya Kenya, ni takribani mita 15 kwa 30. Ukiondoa nyumba, tangi la maji, choo na kamba za kuanikia nguo, nafasi inayosalia mara nyingi huwa ile iliyopakana na ukuta wa jirani.

Katika milima ya Taita shida ni ya namna nyingine. Wundanyi, Werugha na Mgange ni sehemu za miinuko, karibu na kilele cha Vuria chenye kimo cha mita 2,208. Huko nyumba nyingi zimejengwa kwenye miteremko, na kipande tambarare hupatikana kwa kukata mlima. Ukataji huo hugusa mmomonyoko wa udongo na usalama wa anayeishi upande wa chini.

Vifaa navyo vina athari zake. Rampu ya mbao ni nafuu na huweza kubomolewa, lakini uwazi ulio chini yake huvumisha sauti kama ngoma. Ya saruji haivumi sana na hudumu, ila kuiondoa ni kazi ya nyundo. Ya bati haifai Voi, kwa kuwa chuma kilichopigwa na jua la huko huweza kuunguza ngozi ya mtoto aangukaye.

Ruhusa ya ujenzi

Sheria inayotawala ni ile ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, iliyochukua mahali pa Sheria ya Mipango ya mwaka 1996. Sheria hiyo inaeleza ustawishaji kwa mapana: ni kazi yoyote inayofanywa juu ya ardhi, au badiliko kubwa la matumizi ya ardhi au jengo.

Kwa maana hiyo, rampu ya saruji iliyochimbiwa msingi inaingia humo bila shaka. Jukwaa dogo la mbao linaloweza kubebwa na watu wawili lina utata zaidi, na busara ni kumuuliza afisa wa mipango wa kaunti kabla ya fundi kuitwa.

Anayeanza ustawishaji bila ruhusa hutenda kosa. Akipatikana na hatia anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh500,000, au kufungwa kifungo kisichozidi miezi miwili, au adhabu zote mbili. Aidha, hutakiwa kuirudisha ardhi katika hali yake ya awali katika muda wa siku 90.

Ombi hupelekwa kwa waziri wa kaunti anayesimamia mipango. Mwombaji pia hutakiwa kuutangazia umma mradi wake na kuwakaribisha wenye pingamizi kuziwasilisha. Hapa ndipo jirani ana nafasi yake kisheria: husikilizwa kabla ya saruji kumwagwa.

Hata hivyo, jirani huyo hana budi kuwa macho. Mwombaji asipojibiwa kwa maandishi katika muda wa siku 60, sheria huchukulia kwamba ruhusa imetolewa. Asiyeridhika na uamuzi, awe mwombaji au mtu mwingine anayeathiriwa, ana siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiliza mizozo ya mipango. Kutoka hapo anaweza kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Kelele

Kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo zilizotungwa mwaka 2009 chini ya sheria ya mazingira zinaweka viwango. Nje ya nyumba katika eneo la makazi, kelele haipasi kuzidi desibeli 50 mchana na 35 usiku. Mchana huanza saa kumi na mbili asubuhi na kuisha saa mbili usiku.

Viwango hivyo ni vya chini kuliko wengi wanavyodhani. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili walio karibu hukadiriwa kufikia desibeli 60 hivi. Magurudumu magumu yanayogonga mbao tupu hupita hapo bila taabu, na mlio wake ni wa kukatizakatiza, jambo linaloudhi zaidi kuliko mvumo wa mfululizo.

Kanuni hizo pia zinakataza kelele ya kupita kiasi au isiyo ya lazima inayomkera mtu mwingine. Katika kuipima, huangaliwa saa ya siku, ukaribu wa makazi, kama kelele hurudiarudia, na kama ingeweza kupunguzwa. Kigezo hicho cha mwisho ni muhimu kwa mwenye rampu. Aliyejaza udongo chini ya jukwaa, akafunga pande zake na kuliweka mbali na dirisha la jirani ana la kujitetea. Ambaye hakufanya lolote hana.

Ikumbukwe kwamba wengi mjini Voi hufanya kazi za zamu, zikiwemo za reli, hoteli, hospitali na uchukuzi wa barabarani. Kwa mfanyakazi aliyekesha kazini, saa nane za mchana ndio usiku wake. Kanuni hazimtaji, lakini ujirani humtaja.

Mtoto wa jirani akiumia

Methali husema mwana akililia wembe mpe. Sheria haisemi hivyo.

Sheria ya Dhima ya Wakaaji, Sura ya 34 ya Sheria za Kenya, inamtaka anayemiliki mahali kuchukua hadhari inayofaa ili wageni wake wasidhurike. Inaongeza kwamba ni lazima atarajie watoto kuwa na uangalifu mdogo kuliko watu wazima. Kibao cha onyo ukutani, ambacho mtoto wa miaka sita hawezi kukisoma, hakitoshi kumwondolea mwenye nyumba dhima yake.

Rampu huwavuta watoto wa mtaa mzima. Kwa hiyo lango linalofungika, kofia ngumu, kinga za magoti na viwiko, pamoja na mtu mzima wa kusimamia, ni sehemu ya gharama ya rampu sawa na misumari na mbao. Rampu ya saruji iliyochimbwa kama bakuli huhitaji pia tundu la kutolea maji, kwani msimu wa mvua maji yaliyotuama huzalisha mbu.

Mwenye ua ni nani?

Kuna swali linalotangulia yote hayo. Anayeomba ruhusa ya kujenga hutakiwa kuonyesha haki yake juu ya kiwanja, ilhali mizozo ya hati miliki imeiandama Taita Taveta kwa miaka mingi. Kuna familia zilizoishi mahali pamoja kwa vizazi na bado huitwa maskwota.

Isitoshe, katika mitaa kama Sofia, Kaloleni na Mwakingali wako wakazi wengi wa nyumba za kupanga. Ua ni wa wapangaji wote, na mwenye nyumba huenda anaishi mbali. Mpangaji hawezi kuchimba msingi mahali ambapo hawezi kuongeza hata bomba la maji bila idhini.

Hivyo basi, kuruhusu rampu za uani pekee ni kuwaruhusu watoto wa wenye hati na viwanja vipana. Mtoto wa chumba kimoja atabaki kule kule kwenye lami.

Mafunzo ya kwingineko

Norway ilipiga marufuku skeitibodi mwaka 1978 kwa kuhofia majeraha ya watoto. Uuzaji na utumiaji wake ulikatazwa hadi mwaka 1989. Mchezo haukufa. Vijana walijenga rampu mafichoni msituni na kuendelea kucheza, mbali na macho ya wazazi na waganga. Anayedhani marufuku kama hiyo ingefaa Voi na akumbuke kwamba vichaka vya huko vimepakana na Tsavo, na ndovu hawaombi njia.

Nchini Marekani, viwanja vingi vya kulipia vilifungwa mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa sehemu kwa sababu ya gharama za bima. Vijana walihamia nyuma ya nyumba zao na kujenga rampu za mbao. Malalamiko ya majirani yalizifanya baadhi ya halmashauri za miji kuweka kanuni za kimo, umbali kutoka mpaka wa kiwanja na saa za kucheza.

Afrika Mashariki imefuata njia nyingine. Katika mtaa wa Kitintale jijini Kampala, uwanja wa saruji wa skeitibodi ulijengwa mwaka 2006 katikati ya makazi ya watu wa kipato cha chini, na Jackson Mubiru ni miongoni mwa walioongoza kazi hiyo. Jijini Nairobi, makao ya watoto ya Shangilia yaliyoko Kangemi yalipata uwanja wake mwaka 2013 kwa ushirikiano na shirika la Ujerumani, skate-aid. Katika mifano hiyo miwili uwanja ni mmoja, unasimamiwa, na unawahudumia watoto wengi ambao wazazi wao wasingeweza kujenga chochote.

Na mchezo wenyewe umepata heshima. Skeitibodi iliingia katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021, ambapo Momiji Nishiya wa Japan alinyakua dhahabu akiwa na umri wa miaka 13.

Wajibu wa kaunti

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeikabidhi serikali ya kaunti majukumu matatu yanayokutana hapa: mipango ya ardhi, udhibiti wa kelele na kero kwa umma, pamoja na viwanja vya michezo na burudani. Mkono unaoweza kumnyima mzazi ruhusa ya rampu ndio mkono huo huo uliopewa kazi ya kumtafutia mtoto pa kuchezea.

Haki ya mtoto kucheza ilitambuliwa katika Sheria ya Watoto ya mwaka 2001, na kabla ya hapo katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Mtoto, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990. Kuikataa rampu ya uani bila kutoa mahali pengine ni kuilinda haki ya jirani kwa kuisahau ya mtoto.

Kwa kweli nafasi si tele. Sensa ya mwaka 2019 iliihesabia Taita Taveta watu 340,671, na zaidi ya nusu ya ardhi ya kaunti imo ndani ya mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Lakini rampu ya umma haihitaji ekari. Pembe ya uwanja wa michezo au sehemu ya ardhi ya shule hutosha, ikiwa mbali na vyumba vya kulala na ikiwa na msimamizi.

Kwa anayekusudia kujenga kwake kabla ya hayo kutimia, mpangilio ni huu. Azungumze kwanza na majirani wa pande zote, na wakubaliane kwa maandishi kuhusu saa za kucheza. Amuulize afisa wa mipango kama kazi yake inahitaji ruhusa. Ajenge kwa kimo cha chini, mbali na ukuta wa mpaka, ajaze udongo chini ya jukwaa na aweke lango lenye kufuli. Ikiwezekana aanze na mbao, maana zikileta ugomvi usiotatulika zaweza kung'olewa kwa siku moja, na jirani akabaki kuwa jirani.